Viganja Vinne vya Mpira

Wapenzi wa magari wenzangu, wageni wetu, na ninyi wazazi mliokubali kuja na vijana wenu, asanteni kwa kunipa nafasi ya kusema.

Tangu asubuhi nimekuwa nikipita katikati ya magari yaliyopangwa hapo nje, nikisikiliza. Boneti ikifunguliwa, swali la kwanza ni nguvu za farasi ngapi. La pili, linafika mia kwa sekunde ngapi. La tatu, spidi yake ya mwisho. Sijasikia anayeuliza matairi yana umri gani, wala anayeuliza likiwa mia linasimama ndani ya mita ngapi. Na mimi ninapenda injini. Sauti ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja hunisimamisha njiani hadi gari lipotee. Lakini nimekuja kuwaambia kwamba mengi tunayoyasifu kwenye magari fizikia haiyajali hata kidogo, na yale inayoyajali sisi tunayapita bila kuyatazama. Vijana wanatutazama sisi, wapenzi wa magari, ndipo wanajifunza udereva mzuri unafananaje. Kwa hiyo tunachokisifu kina matokeo barabarani, na matokeo mengine huishia mochwari.

Haikuwa hivi mwanzoni. Agosti 1888, Bertha Benz alilitoa gari la mumewe Karl bila kumwambia, akawachukua wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita mia moja hivi. Hakuna aliyewahi kwenda mbali kiasi hicho kwa gari la injini. Kwenye miteremko, vipande vya mbao vilivyokuwa breki vikalika. Akamtafuta fundi viatu, akamwagiza apigilie ngozi juu ya mbao. Kwenye vilima watoto walishuka wakasukuma, na baada ya safari gari likaongezewa gia nyepesi ya kupandia. Dereva wa kwanza wa masafa marefu duniani anakumbukwa kwa kuboresha breki. Ningependa tumrithi huyo.

Sasa tushuke chini kabisa, pale gari linapogusa ardhi.

Chukueni gari la kilo 1,500. Kila tairi linabeba kilo 375 hivi. Upepo uwe psi 32, psi ikiwa kipimo cha presha ya tairi. Ukigawanya mzigo wa tairi kwa presha yake, unapata eneo linalogusa lami: kama sentimita 165 za mraba. Fungueni mikono yenu muitazame. Ni ukubwa wa kiganja pamoja na vidole vyake. Gari zima, na watoto waliolala kiti cha nyuma, linashikiliwa na viganja vinne vya mpira. Kila unachokiamuru kwa usukani, kwa breki au kwa mafuta lazima kipite hapo. Mnaopenda rimu kubwa na tairi pana mtanisamehe, lakini kwa upepo uleule tairi pana haliongezi sana eneo hilo. Linabadilisha umbo lake tu, likawa pana na fupi badala ya jembamba na refu. Lina faida zake kwenye kona. Lakini halikuzidishii mpira unaogusa lami mara mbili kama wengi wanavyoamini.

Kiasi ambacho tairi linaweza kuishika lami kina mwisho. Kwenye lami kavu, tairi zuri la kawaida hutoa kani inayokaribia uzito ulio juu yake. Jambo ambalo shule nyingi za udereva hazifundishi ni kwamba kikomo hicho ni kimoja kwa kazi zote. Ni kama mshahara mmoja wenye matumizi matatu: kuondoka, kusimama na kukata kona. Wahandisi huchora duara kulieleza hili, kwa sababu kani ya breki na ya kona hujumlishwa kwa miraba yake. Ukitumia asilimia 80 ya mshiko kwa breki, kwa kona imebaki asilimia 60. Ukitumia 95 kwa breki, kwa kona imebaki 31. Ukitumia wote, zungusha usukani utakavyo, gari litakwenda moja kwa moja nje ya kona na magurudumu yamegeuka. Aliye ndani atasema usukani ulikataa. Usukani haukukataa. Mpira ulikuwa umekwisha gawanywa.

Kuna hila nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika fizikia ya gari: uzito unahama. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gari linainama mbele, na hilo si suala la springi laini tu. Hata gari lenye springi ngumu kama chuma lingehamisha mzigo uleule. Kwa gari letu la kilo 1,500, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 55 juu ya lami na ekseli zake zikiwa mita 2.7 mbali, breki kali huhamisha kama kilo 250 kutoka nyuma kwenda mbele. Kama lilikuwa na kilo 750 kila upande, sasa mbele kuna elfu moja na nyuma zimebaki mia tano. Matairi ya nyuma yamekuwa mepesi ghafla, na tairi jepesi halishiki.

Sasa fikirieni dereva aliyeingia kona kwa kasi, akaogopa, akaachia mafuta kwa ghafla au akagusa breki katikati ya kona. Mzigo unakimbilia mbele. Mbele inashika zaidi, nyuma inaachia, na kabla hajajua kinachotokea, buti inataka kulipita boneti. Alichokifanya kinaonekana cha busara, alitaka kupunguza mwendo. Tatizo ni kwamba alichelewa. Mwendo unapunguzwa gari likiwa limenyooka, kabla ya kona. Ndani ya kona unabaki na mguu mwepesi, usukani unaozungushwa taratibu, na macho yanayotazama kule unakotaka kutokea.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza dereva hodari ni yupi, simtazami anayewahi kufika mia. Namtazama ambaye abiria wake hawajui ni lini hasa breki imeanza. Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1969, 1971 na 1973, alisifika kwa ulaini wa mikono na miguu yake. Alikuwa mwepesi kwa sababu alikuwa mlaini: kila kani aliipandisha polepole, tairi likapata muda wa kujipanga na lami. Na mtu huyohuyo, baada ya kuumia vibaya kwenye uwanja wa mbio wa Spa, Ubelgiji, mwaka 1966, alisimama mbele ya wenye mashindano akadai mikanda, vizuizi bora na madaktari uwanjani. Wapo waliomwona mwoga. Aliendelea kudai, na aliendelea kushinda.

Kabla sijaacha matairi, neno juu ya maji. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu, mshiko wa 0.8, yaani kani ya asilimia 80 ya uzito wa gari: gari linaweza kuipita kwa kilomita 71 kwa saa ndipo lianze kuteleza. Mvua ikinyesha na mshiko ukashuka nusu, kona hiyohiyo inakubali kilomita 50 tu. Anayeipita kila siku kwa 60 akijiona mtaratibu, siku ya mvua anatoka nje. Kwenye maji yaliyotuama ni hatari zaidi, kwa sababu tairi linaweza kupanda juu ya maji na kuacha kabisa kugusa lami. Utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa miaka ya 1960 kuhusu matairi ya ndege ulionyesha kwamba mwendo wa kutokea jambo hilo unategemea presha ya upepo. Kwa fomula yao, tairi lenye psi 32 hupanda maji karibu kilomita 94 kwa saa. Likiwa na psi 24, ni 82. Mifereji ya tairi jipya hukusaidia kuyatoa maji pembeni. Tairi lenye kipara halina msaada huo, na anayepita na upepo pungufu amejishushia mwenyewe mwendo wa kupoteza gari.

Tuje kwenye spidi. Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo. Sote tulikariri shuleni, lakini tukikaa nyuma ya usukani tunaendesha kana kwamba hukua sawa na mwendo wenyewe. Kutoka 100 hadi 120 tunaona ni nyongeza ndogo, sehemu moja ya tano. Nishati imeongezeka kwa asilimia 44, na upepo unaolipinga gari umeongezeka kwa kiasi hichohicho, ndiyo maana mafuta yanaisha haraka.

Hesabu moja naomba mwende nayo nyumbani. Magari mawili yanafanana kila kitu, yanakwenda sambamba, moja kwa 100, jingine kwa 120. Mbele kuna lori limefunga njia. Madereva wote wawili wanapiga breki mahali palepale, kwa nguvu ileile. Gari la 100 linasimama likiligusa lori kidogo tu. Lile la 120, likifika hapohapo, lina mwendo gani? Niliwahi kuwauliza watu wengi, na wengi hujibu 20. Jibu ni kilomita 66 kwa saa. Toa mraba wa 100 kwenye mraba wa 120, tafuta kipeo cha pili, utaikuta. Na hapo sijahesabu umbali alioula kabla mguu haujafika kwenye breki: kwa 120, kila sekunde ya kushangaa ni mita 33. Faida aliyokuwa akiifuata? Kwenye safari ya kilomita 30, tofauti ya 100 na 120 ni dakika tatu.

Sitakaa sana kwenye usiku, ila jueni hili: kwa 100 kwenye lami kavu, ukiwa macho, unahitaji kama mita 77 kusimama. Ukiwa umeshusha taa, unaona vizuri mita 50 hivi. Malizieni wenyewe.

Kuna imani nyingine iliyoota mizizi, kwamba gari kubwa ni salama. Ni salama kwa nani? Magari mawili yanagongana uso kwa uso, kila moja likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Moja ni kilo 2,500, jingine ni 1,250. Yakijikunja na kushikamana, yataendelea pamoja kwa kilomita 17 hivi kuelekea alikokuwa akielekea mzito. Mzito amepoteza 33. Mwepesi amepoteza 50 zake zote, kisha akarudishwa nyuma kwa 17. Jumla 67, mara mbili ya mwenzake, ndani ya muda uleule mfupi. Usalama alioununua mwenye gari zito umetoka kwenye mwili wa mwenye gari jepesi. Sisemi mtu asinunue gari kubwa, wengine familia na kazi zao zinalihitaji. Nasema anayeendesha tani mbili na nusu anadaiwa upole mara mbili, na barabarani naona kinyume: mwenye gari kubwa ndiye anayewasha taa nyuma ya mdogo ili ampishe.

Na wapo ambao hawana chuma chochote kinachowazunguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Katika hesabu yangu ya magari mawili yaliyogongana, weka kilo 70 upande wa pili.

Naomba sasa wazazi wanisikilize kwa makini. Mwaka 1959 yalitokea mambo mawili yaliyookoa watu wengi mno. Nils Bohlin wa Volvo alikamilisha mkanda wa pointi tatu, na kampuni yake ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Mwaka huohuo Mercedes-Benz walianza kuuza gari lililojengwa kwa wazo la Béla Barényi, kwamba mbele na nyuma ya gari vijikunje ili chumba cha abiria kibaki kizima. Mambo hayo mawili yanafanya kazi kwa kutegemeana. Gari likigonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa na pua yake ikajikunja sentimita 60, linasimama kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Aliyefunga mkanda anasimama pamoja na gari, na kwa wastani mwili wake unavutwa kwa mara 16 ya uzito wake. Ni kani kubwa, lakini mifupa ya kifua na nyonga inaweza kuistahimili. Asiyefunga anaendelea mbele kwa 50 zake hadi akutane na dashibodi iliyokwisha kusimama. Hapo ana sentimita tano hivi za kusimamia, na kani ni karibu mara 200.

Halafu kuna mtoto. Mtoto wa kilo 10, amepakatwa na mama yake anayempenda kuliko nafsi yake. Mara 16 ya kilo 10 ni kilo 160. Hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuzuia kilo 160 zilizotokea ndani ya kufumba na kufumbua, hata mikono ya mbeba vyuma. Mapenzi ya mzazi ni makubwa, ila hayaingii kwenye hesabu hii. Kinachoingia ni kiti cha mtoto kilichofungwa sawasawa. Ndugu zangu, nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwenye mfumo wa ekzosti huku mtoto akisimama katikati ya viti viwili vya mbele. Jambo hilo linaniuma, nami nalisema wazi.

Kuhusu ABS, breki inayojidhibiti ili magurudumu yasikwame, ambayo Bosch waliileta kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, nina ombi fupi. Wengi hawajawahi kuihisi ikifanya kazi. Siku ikiamka, pedali inatetemeka chini ya mguu na kutoa sauti, dereva anadhani kimevunjika kitu, anaachia. Usiachie. Kanyaga hadi mwisho, shikilia, na uelekeze usukani kwenye nafasi iliyo wazi. Kazi yake kubwa ni kuyazuia magurudumu yasikwame ili uweze kukwepa huku ukipunguza mwendo.

Nimeacha kuovateki hadi sasa kwa sababu hapo ndipo fizikia na tabia zetu vinapogongana hasa. Mbele yako kuna lori refu la mita 18, linakwenda 80. Wewe unataka kulipita kwa 100. Unaanza mita 25 nyuma yake, unarudi upande wako mita 25 mbele yake. Ukijumlisha urefu wa lori na wa gari lako, unatakiwa kulizidi kwa mita 72, na tofauti ya mwendo wenu ni kilomita 20 kwa saa tu. Inakuchukua sekunde 13. Ndani ya sekunde hizo umesafiri mita 360. Anayekuja mbele yako kwa 100 naye amesafiri 360. Kwa hiyo unahitaji barabara tupu ya mita 720, inayoonekana yote, kabla hujatoa pua ya gari. Ni mara ngapi tunaiona mita 720 iliyo wazi mbele ya lori? Mtu anatoka kwenye mita 300, anayekuja anapunguza mwendo na kusogea pembeni, wote wanapona, na aliyelipita lori anajiona ana jicho kali. Aliyepona siku hiyo ameokolewa na dereva mwingine asiyemjua, na safari ijayo atarudia.

Tabia hii ina ndugu yake mjini. Ukiacha nafasi mbele ya gari lako, mtu anachomekea. Kwa hiyo watu wanakaa karibu kabisa na buti ya mbele, na kuacha nafasi kunahesabiwa kuwa udhaifu. Mwaka 2008 wanasayansi wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha jaribio ambalo ningetamani kila dereva alione. Waliweka magari 22 kwenye mzunguko wa mita 230, wakawaomba madereva waende kwa mwendo mmoja, kilomita 30 hivi kwa saa. Hakukuwa na taa, makutano, wala ajali. Baada ya muda foleni ikazaliwa yenyewe. Mmoja alipunguza kidogo, wa nyuma akapunguza zaidi, wa nyuma yake zaidi, hadi mtu akasimama kabisa, na wimbi hilo la kusimama likawa linarudi nyuma kwa kilomita 20 hivi kwa saa. Kumbe nafasi uliyoiacha inalimeza wimbi. Aliye nyuma yako haoni taa zako za breki, naye hawashi zake. Kwa mita chache za lami unaweza kuwahudumia watu wengi wasiokujua, na anayechomekea mbele yako amekucheleweshea sekunde mbili. Mwache apite, kisha ifungue nafasi tena.

Najua wapo watakaosema ninaua raha. Hapana. Naifahamu raha ya gari linalojipinda vizuri kwenye kona, na sina nia ya kuiacha. Nasema tu iwe na mahali pake. Kwenye uwanja wa mbio wote wanaelekea upande mmoja, pembeni kuna kokoto za kumpunguza anayetoka, daktari yupo, na kila aliyeingia aliikubali hatari kwa hiari yake. Kutafuta mwisho wa mshiko pale ni elimu. Barabara ya umma ina bibi anayevuka, na yeye hakukubali kuwa sehemu ya jaribio lako. Huko unatakiwa utumie nusu ya mshiko ulio nao, au chini ya hapo, na inayobaki uiache kwa ajili ya lile usilolitarajia: mafuta yaliyomwagika, mbuzi, mtoto na mpira wake. Kuendesha hivyo kunahitaji ujuzi zaidi kuliko kukanyaga mafuta, kwa sababu unapaswa kujua kikomo kiko wapi ndipo uweze kukaa mbali nacho.

Nina ombi moja kabla ya maswali. Tutoke wote nje, kila mmoja achuchumae kando ya tairi lake la mbele. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mfuatano wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama mifereji bado ni mirefu. Kisha tazama kina cha mifereji. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha milimita 1.6, na kwa mvua mimi hubadilisha mapema kuliko hapo. Angalieni na upepo, nina kipimo kwenye buti yangu, ni cha kila mtu. Tukirudi nitapokea maswali, na la kwanza litoke kwa kijana ambaye bado hajapata leseni.